Kivuli cha Saa Mbili na Dakika Ishirini

Jumanne, 8 Julai 2025

Siku kubwa! Mwalimu Tshilombo, aliyefundisha historia nusu ya Kolwezi na sasa amestaafu, anaandaa maonyesho katika ukumbi wa parokia. Kila picha ya zamani itatundikwa kando ya picha mpya iliyopigwa mahali palepale, watu waone mji ulivyogeuka. Mimi, Stany Kanyinda, mwenye studio ya picha za pasipoti karibu na soko, nimepewa ile maarufu kuliko zote: Ukumbi wa Wafanyakazi, tarehe 13 Julai 1968. Matao matatu, mnara wa maji nyuma, wanaume kumi na wawili ndani ya suti mpya. Saa ya ukutani inaonyesha saa mbili na dakika ishirini asubuhi.

Picha hiyo aliipiga marehemu baba yangu. Kila mtu anajua.

Kila mtu isipokuwa Henri Banza. Henri ana studio ng'ambo ya barabara, ana drone, na ana maneno. Anadai aliyeipiga ni marehemu baba yake. Wazee wetu wote wawili walifanya kazi kwenye gazeti la wafanyakazi na walitumia kamera moja. Nyuma ya picha hakuna jina. Mwalimu amesema wazi: asipopata uthibitisho kabla ya maonyesho, Jumapili tarehe 20, ataandika kwamba mpiga picha hajulikani. Hajulikani! Baba yangu!

Marlène, mke wangu, ameshauri niwaulize wazee. Nimemjibu kwamba wazee husahau. Nahitaji sayansi.

Jumatano, 9 Julai

Sayansi imepatikana! Asubuhi, chai mkononi, nimeitazama picha kwa kioo cha kukuzia. Chini kabisa, mbele ya wale wanaume, kuna kivuli cha mpiga picha mwenyewe! Kirefu, chenye kichwa cha duara, na kichwa hicho kinaishia juu ya ukingo wa mtaro wa mawe. Mtaro upo hadi leo. Nimeuruka mara elfu.

Kwa hiyo: mahali palepale, tarehe ileile, saa ileile, jua litapiga vilevile. Mtu ambaye kivuli chake kitaishia kwenye ukingo, huyo ana kimo cha mpiga picha. Baba yangu alikuwa na mita moja na sentimita themanini na sita, imeandikwa kwenye kitambulisho chake. Mzee Banza alimfikia begani.

Nimemweleza Henri mbele ya Mwalimu. Amekubali mara moja, mjinga. Anasema kile kichwa cha duara ni helmeti ya kazi ya baba yake. Mimi nasema ni kofia ya baba yangu ya Jumapili. Tutaonana tarehe 13.

Ijumaa, 11 Julai

Nimetafuta mahali pa kusimama. Ukumbi siku hizi ni ghala la saruji. Matao mawili yamezibwa kwa matofali, la tatu limewekwa mlango wa chuma. Mnara umebaki miguu, tangi halipo. Malori ya mgodi wa Fungurume yanapita na kutupaka vumbi sote bila ubaguzi.

Kazi yenyewe ni rahisi kwa mtu mwenye kipaji. Katika picha, mguu wa kushoto wa mnara unagusa tao la pili. Basi unarudi nyuma, unasogea kushoto, kulia kidogo, mpaka viguse tena. Nikarudi. Nikasogea. Nikagonga mabati kwa kisogo.

Mahali aliposimama mpiga picha pana banda la kuku. La Tharcisse, fundi baiskeli, mtu mpole mpaka uguse kuku wake.

Tumejadiliana saa nzima. Alisema kuku wanataga. Nilisema ni kwa ajili ya taifa. Alisema taifa lina nafasi kubwa, lisimame kwingine. Mwishowe nimemwahidi picha ya familia nzima, watu kumi na mmoja, pamoja na kuku. Ataondoa paa na kuta kwa asubuhi moja. Ushindi!

Jumapili, 13 Julai

Niandike kwa utaratibu.

Baridi kali. Tharcisse aliondoa mabati. Kuku thelathini na wawili walitoka kwa pamoja, na baadhi waliingia ghalani. Wale waliorudi wamekuwa rangi ya saruji. Mwalimu alikuja na daftari. Henri alikuja na helmeti ya baba yake. Mimi nina mita moja na sabini tu, kwa hiyo nilifunga matofali mawili chini ya kila kiatu kwa mpira wa baiskeli, nikapata kimo cha baba. Kisha nikavaa kofia.

Saa mbili na dakika ishirini! Kivuli changu kiliuvuka mtaro na kuendelea mbele mita nzima. Mwalimu aliandika. Nilieleza kwamba baba alipiga akiwa ameinama. Nikainama. Tofali likateleza. Nikaketi ndani ya karai la maji ya kuku.

Zamu ya Henri, aliyerithi kimo cha baba yake. Kivuli chake nacho kilivuka. Akavua helmeti, bado kilivuka kiganja kizima. Akapiga magoti, kikawa kifupi mno. Kumwona Henri Banza amepiga magoti katika kinyesi cha kuku! Nimempiga picha sita.

Hapo ndipo alipofika Mama Kanku, mama yake Henri, miaka sabini na sita, ametoka misa ya kwanza, amemletea mwanawe sweta. Akaingia katikati yetu kuuliza ni wazimu gani huu. Mwalimu akamshika mkono asisogee. Sote tukatazama chini. Kivuli cha Mama Kanku kilikuwa kimelala mbele yake, na kichwa chake, duara kwa sababu ya kitambaa alichofunga, kilikuwa juu ya ukingo wa mtaro. Si mbele, si nyuma. Juu yake.

"Mama," Mwalimu akauliza polepole, kwa Kiswahili chetu cha mtaani, "hii foto nani aliipiga?"

"Mi njo niliipiga," akasema. "Mulifikiri nani?"

Akatusimulia akiwa amesimama palepale. Mume wake alimfundisha kamera walipooana, yeye Mama akiwa na miaka kumi na tisa. Asubuhi ile gazeti lilitaka picha ya wafanyakazi bora. "Banaume bote balivaa suti, bote balitaka kuonekana. Basi bakanipatia kamera." Alionyesha mtu wa pili kutoka kulia, yule ambaye uso wake umefifia. "Huyu ni bwana yangu. Nilimuambia asitingishike. Akatingishika. Miaka makumi ine ya ndoa, kutingishika tu."

Henri alimuuliza kwa nini hakusema siku zote hizi.

"Batu banauliza kama ni tata Kanyinda ao tata Banza. Mi nijibu nini? Jina langu halikuwa mu swali."

Akaishika picha karibu na macho. Akapitisha kidole juu ya kile kivuli, taratibu, toka miguuni hadi kichwani. Akasema alikuwa mwembamba. Akasema mwaka uliofuata alizaa, kamera ikarudi kwa wanaume, na hakuishika tena. Henri alivua sweta aliyokuwa ameanza kuivaa, sijui kwa nini, akaivaa tena. Mimi nilitazama pembeni. Vumbi.

Ndipo nikauliza baba yangu ni yupi kati ya wale kumi na wawili. Akanionyesha ukingo wa kushoto kabisa. Nusu ya mguu. Kiatu hewani.

"Ni ule. Anafukuza mbuzi."

Jumatatu, 14 Julai

Nimelala, nimefikiri, nimeamka mshindi. Imethibitishwa kwamba mzee Banza hakupiga ile picha! Imethibitishwa kwa sayansi yangu! Marlène amesema imethibitishwa pia kwamba baba yangu hakuipiga. Marlène ana tabia ya kushikilia mambo madogo.

Na ule mguu! Bila mguu ule, mbuzi angesimama katikati ya historia. Nimemwomba Mwalimu aandike hivyo. Amesema atalitafakari.

Jioni Henri amevuka barabara na kunisalimia. Hajafanya hivyo tangu nilipofungua studio. Anasema mama yake hazungumzi jambo jingine, na ameulizia kamera za siku hizi zinashikwaje. Papo hapo nikapata wazo: picha mpya aipige Mama Kanku mwenyewe! Henri anadai amelisema yeye kwanza. Uongo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Ijumaa, 18 Julai

Tumepiga! Tharcisse amebomoa banda mara ya pili, safari hii kuku wakiwa ndani ya vikapu. Tumepata wanaume kumi na wawili, watoto na wajukuu wa wale wa kwanza: madereva, wachimbaji wawili wa Mutoshi, muuguzi mmoja, wote ndani ya suti. Henri alisimama mahali pa baba yake.

Nilimpa Mama Kanku kamera yangu bora, nikaanza kumweleza. Alinisogeza kwa kiwiko. Vidole vyake vilizunguka lenzi mara mbili, vikatulia. Halafu sauti! "Muangalie huku! Wewe mulefu, inama! Henri, usitingishike!"

Henri akatingishika.

Nami nilikuwa na mpango wa siri. Historia kamili inataka mguu wa Kanyinda ukifukuza mbuzi. Nimeazima mbuzi kwa shemeji. Nikamleta upande wa kushoto, nikarusha mguu. Mbuzi hakukimbia upande wa kushoto. Alikwenda katikati, akasimama mbele ya wanaume kumi na wawili, akatazama kamera. Huyo hakutingishika hata kidogo.

Mama Kanku alicheka mpaka akaketi juu ya kikapu cha kuku. Amepiga picha arobaini. Amechagua ile ya mbuzi.

Jumapili, 20 Julai

Ukumbi ulijaa hadi nje. Watu walisimama mbele ya picha zetu mbili zaidi kuliko nyingine zote. Matao na matao yaliyozibwa. Mnara na miguu ya mnara. Mmoja alitafuta dirisha la chumba cha mlinzi alimozaliwa, akalikuta ni matofali, akabaki hapo muda mrefu. Mwalimu alisoma maandishi kwa sauti: picha zote mbili, mwaka 1968 na mwaka 2025, zimepigwa na Mama Kanku. Makofi! Akina mama wakapiga vigelegele. Mama Kanku akasimama, kimo chake kilekile, akatutazama kana kwamba anatupanga mstari. Henri alilia waziwazi, mbele ya wateja.

Chini, kwa herufi ndogo, Mwalimu ameongeza: "Mbuzi wa 1968 hayupo, kwa juhudi za Kanyinda. Mbuzi wa 2025 yupo, kwa juhudi za Kanyinda."

Jina letu mara mbili! Jina la Henri halipo hata mara moja! Nimelihesabu tena na tena.

Jumanne, 22 Julai

Bahati haijanichoka. Mama mmoja wa Sandoa, aliyekuja kwa maonyesho, ameacha kwa Mwalimu picha ya soko lao la mwaka 1974. Upande wa kulia kuna kivuli. Kirefu ajabu! Ni baba, hakuna mwingine. Mwalimu anasema baba hakuwahi kufika Sandoa, na kwamba kile ni kivuli cha nguzo ya umeme. Nimemwambia baba alikuwa anasimama wima sana.

Nimeshampata mtu wa lori. Tunaondoka kesho alfajiri, siku mbili njiani kama barabara ni nzuri. Nitalipima soko lote, mita kwa mita.

Mwenye picha bado yuko hapa mjini. Amefikia kwa dada yake, nyumba ya tatu kutoka kwangu, na Marlène anasema anakaa barazani tu siku nzima na anapenda kuzungumza. Sina nafasi ya kumtembelea. Nafunga mizigo.