Cheti cha Kutolala

"Mimi siumwi, sijaandikiwa na daktari, na kesho nina vyoo vya shule nzima vya kuzibua!" Fundi Bomba alikuwa amesimama barazani kwa jirani yake na bukta ya kulalia. "Hizo sufuria mnamgongea nani saa hizi?"

"Tunafanya majaribio," alijibu Shangazi, mwiko mkononi. "Mtu akianza kusinzia ndipo tugundue hazilii?"

"Shangazi, ukuta wetu ni mmoja!"

"Basi na wewe umefaidika."

Hapo ndipo Afisa wa Kitengo cha Uthibitisho wa Kutolala, ambaye mtaa ulikuwa umeshambatiza jina la Kope, alipoingia katikati yao, akakohoa kikohozi cha mkutanoni na kufungua jalada.

"Kwa mamlaka niliyokabidhiwa," alitangaza, "na kwa kuwa imetimia saa sita kamili usiku, natamka kwamba zoezi la kutolala limefunguliwa rasmi. Makofi."

Hakuna aliyepiga. Kope akaandika kwenye daftari lake: wananchi wameguswa sana.

Ndani, kwenye kiti cha mbao kisicho na mto, aliketi mwenye shughuli. Alikuwa Dada Fundi, mshonaji wa mtaa, nywele zimefumuliwa zote na kuoshwa bila mafuta kama alivyoagizwa, mkono wa kulia umefungwa bandeji. Mara tatu mwaka huu alikuwa amezimika ghafla akiwa kazini, na mara ya mwisho aliangukia pasi ya moto. Daktari alitaka apimwe mawimbi ya ubongo ajue kama ni kifafa, ili ampe dawa. Kipimo chenyewe kinataka mtu aende akiwa hajalala, maana ubongo uliochoka hautunzi siri. Miadi ilikuwa saa tatu asubuhi. Akiikosa, nyingine ni baada ya miezi minane, na kwa miezi minane hiyo asingeruhusiwa kugusa cherehani wala pasi.

Jambo lenyewe lingekuwa jepesi kama wakubwa wasingegundua tatizo la usingizi wa magendo. Ilibainika kwamba baadhi ya wagonjwa huiba lepe moja alfajiri, halafu wanakwenda hospitali na macho makavu kama watakatifu. Kamati ya watu kumi na tisa iliundwa. Zilifanyika warsha saba, na kila moja ilifuatiwa na mapumziko marefu ya alasiri ili wajumbe waielewe mada kwa vitendo. Ndipo kikazaliwa Cheti cha Kutolala. Bila cheti hupimwi. Kope mwenyewe ndiye aliyeandika kanuni ya nne, aliyoipenda kama kitinda mimba wake: usingizi ukitokea chumbani, uwe wa mtu yeyote, zoezi limebatilika. Usingizi, alimweleza kila aliyekuwa radhi kusikiliza, huambukiza kama mwayo.

"Anatakiwa shahidi mmoja wa mtaa," alisema sasa. "Awe macho, na ajue kuandika."

Wote wakamgeukia Fundi Bomba.

"Mimi nilikuja kugomba!"

"Umeshagomba," alisema Shangazi. "Kaa."

Akapewa fomu. Ilikuwa na safu mbili tu: saa, na dalili zilizoonekana.

"Andika kila unachokiona," Kope alimwelekeza. "Usitie chumvi. Ofisi haitaki chumvi."

Fundi Bomba aliitikia kwa kichwa. Kazini kwake bomba likivuja huandika limevuja, hata kama ni la mkubwa.

Kufikia saa saba nyumba ilikuwa imejaa. Waliokuja kulalamikia sufuria walibaki kusikiliza umbea. Shangazi alikuwa ameanza kisa cha harusi iliyovunjika kwa sababu ya friji, na hakuna aliyetaka kuondoka kabla ya kujua friji ilibaki kwa nani. Dada Fundi alitembezwa, akaimbishwa, akaulizwa mafumbo, akanawishwa uso kwa maji baridi. Chai na kahawa alikatazwa. Kila kope zake ziliposhuka, sufuria ililia na mtu akamfinya sikio.

Kope, kulingana na cheo chake, alipewa kiti pekee chenye mto. Aliisimamia shughuli kwa umakini mkubwa. Ilipogonga saa nane alifumba macho kidogo ili asikie vizuri zaidi, utaratibu unaojulikana katika vikao vyote vya maana. Alipoyafumbua, dirisha lilikuwa jeupe, na Shangazi alikuwa kwenye ndoa nyingine kabisa.

"Kikao kimefika wapi?" aliuliza.

"Mengineyo," alijibu Dada Fundi.

Kope akaridhika. Akaichukua fomu, akasaini, akagonga muhuri. Hakuisoma. Katika miaka kumi na moja ya utumishi hakuwahi kusoma alichosaini, kwa kuwa kusoma ni kazi ya aliyeandika.

Saa tatu kasoro walikuwa hospitalini. Mtaalamu wa kipimo, binti mwembamba mwenye gundi ya nyaya vidoleni, aliipokea fomu na kuisoma kwa sauti.

"Saa nane na robo: kichwa kimeangukia kifuani, anaitwa, haitiki. Saa nane na nusu: mate, upande wa kushoto. Saa tisa: mguu umerusha mateke matatu, meza ndogo imeanguka, hakushtuka. Saa kumi na moja na nusu: amegutuka, anauliza kikao kimefika wapi. Hakumbuki kitu." Alimtazama Dada Fundi kwa huruma. "Pole sana, dada. Yote haya usiku mmoja?"

"Si mimi," alisema Dada Fundi. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini wazi kama vifungo vya koti. "Mimi ndiye niliyeiinua meza."

"Niliambiwa niandike kila ninachokiona," alisema Fundi Bomba, akimtazama Kope. "Chumvi sikutia."

Mtaalamu aliigeuza fomu, akapitisha kidole kwenye kanuni ya nne.

"Kama kuna mtu alilala chumbani, cheti hiki hakifai. Dada, itabidi nikupangie tarehe nyingine."

Dada Fundi aliuweka mkono wake wenye bandeji juu ya meza, karibu na fomu, ili uonekane.

"Baba," Shangazi alimwambia Kope kwa upole, "ulilala au hukulala?"

Kope alitafakari. Alifikiria saini, muhuri, kanuni ya nne na miaka kumi na moja.

"Afisa hakulala," alitamka. "Alifumba macho kikazi."

"Una uhakika?" aliuliza mtaalamu.

"Asilimia mia."

"Na mateke?"

"Siyakumbuki."

"Mate je?"

"Ndiyo kwanza nayasikia."

Mtaalamu akaweka kalamu chini. Sauti yake ikawa laini, ule ulaini ambao hospitalini humtoa mtu jasho.

"Bwana Afisa, mtu aliyelala sina shida naye. Ila mtu ambaye hakulala, anaitwa haitiki, mguu unaruka wenyewe, na baadaye hakumbuki, huyo simwachi aondoke hivi hivi. Kaa hapo, namwita daktari. Dada, wewe ingia. Cheti chako ni safi."

Dada Fundi alibandikwa nyaya kichwa kizima, akamulikwa machoni kwa taa za kumetameta, akaambiwa avute pumzi kwa nguvu, kisha alale. Hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mistari iliyokuwa ikitembea kwa adabu ikaanza kuruka kama mshono wa sindano iliyopinda. Jioni aliondoka na jina la ugonjwa wake na vidonge vya miezi mitatu.

Kope naye aliondoka na karatasi ya kwenda kupimwa kipimo kile kile. Nafasi yake ilipatikana upesi, keshokutwa, kwani wagonjwa wanne walikuwa wameondolewa kwa kukosa cheti. Alimpigia simu Mkuu wa Kitengo, naye akamkumbusha kwamba afisa hawezi kujithibitisha mwenyewe, kwamba maafisa wenzake hufunga ofisi saa kumi jioni, na kwamba mashahidi wenye uzoefu wako wawili tu mjini, Fundi Bomba na Shangazi.

Kesho yake jioni alisimama barazani, kichwa kimeoshwa, hakina mafuta, fomu iko kwapani. Fundi Bomba alikuwa ameshakalia kiti chenye mto, kalamu sikioni. Kiti cha mbao kilikuwa kitupu.

"Chako hicho," alisema Shangazi, akikionyesha kwa mwiko.

"Nikisinzia kidogo tu?" aliuliza Kope. "Kibinadamu?"

"Kanuni ya nne," alijibu Fundi Bomba. "Tunarudi mwanzo."

Dada Fundi alitoka jikoni akifuta mikono, akampokea fomu na kumshika kiwiko.

"Waache hao, kaka. Pita ndani tule. Chai tu ndiyo huruhusiwi."