Stati Haipigwi Shika Adabu

"Gari haliwaki kwa kuwa halina betri." Hayo si maneno yangu, nanukuu. Yamesemwa asubuhi hii na Bi Mishi, mkunga wa zahanati hii, mbele ya watu wazima. Uongo! Tena uongo wa mtu asiyesoma ripoti!

Lakini itifaki kwanza. Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Uwashaji wa Magari Makongwe, ambaye ni mimi. Katibu wa kamati hiyo, ambaye nafasi yake naikaimu mimi. Masharifu, maustadhi, wachungaji, mama zangu wa Shika Adabu, vijana wenzangu (kicheko), na kwa namna ya pekee Hanan, aliyelazwa ndani ya ambulensi nyuma ya hema hili tangu alfajiri, akisubiri kuvushwa kwa feri hadi hospitali ya ng'ambo kujifungua: itifaki imezingatiwa. (Sauti ya mama: "Mtoto hajui itifaki, baba!")

Leo nazindua Karakana ya Kisasa ya Uwashaji, itakayolikomboa gari hili moja kwa moja. Tulifanya mobilizesheni ya wadau wote, tukakaa semina siku tisa Diani tukiwa na picha kubwa ya gari, tukijiuliza kwa nini ambulensi ya mwaka elfu moja mia tisa tisini na moja inasumbua kuwaka. Dizeli tuliijadili. Chujio tulilijadili. Kuhusu starta, asilimia themanini na saba ya wajumbe waliafiki kwamba ipo, na waliobaki walikuwa wamekwenda kunywa chai. Boneti hatukuifungua, kwa sababu kufungua boneti ni utekelezaji, na sisi tulikuwa bado kwenye fremuwaki. (Makofi kutoka viti vya mbele.)

Na tatizo tukalipata, ndugu zangu. Ni lugha! Mnamwambiaje dereva hapa? "Absalom, piga stati." Piga! Gari la umri ule, lililowabeba mama zenu, linapigwa kila asubuhi, kisha mnashangaa limenuna? Nyinyi, watu wa mtaa unaoitwa Shika Adabu! Kuanzia leo, stati haipigwi. Dereva atavua kofia, atasimama mbele ya taa, ataliamkia gari kama anavyomwamkia bibi yake, ndipo azungushe ufunguo taratibu. Absalom, hebu waonyeshe.

(Absalom anavua kofia. "Shikamoo, gari." Anaingia, anazungusha ufunguo. Kimya.)

(Sauti: "Halijaitika marahaba!" Kicheko kirefu.)

Limesikia, linatafakari! Mzee haharakishwi!

(Kutoka ndani ya gari, Hanan: "Wallahi nitazaa humu humu!")

Vumilia, binti yangu, tuko ukurasa wa nne kati ya kumi na tisa. Kama nilivyokuwa nikisema kabla ya kukatizwa na uchungu wa mtu binafsi...

(Bi Mishi anasimama. "Absalom, mwanangu, fungua boneti." Boneti inafunguliwa. "Haya, njooni muone! Betri ilipokaa pamebaki vumbi na mjusi.")

Bi Mishi, usipotoshe umma. Hapo ni nafasi iliyohifadhiwa kwa upanuzi wa baadaye! Na mjusi huyo hayumo kwenye ripoti.

Kwa kuwa naona watu wanaanza kusimama, nitafupisha. Semeni nami: Adabu Kwanza! (Sauti moja: "Betri kwanza!") Kuwaka ni Haki! (Hanan: "Basi nipeni!")

Nawashukuru nyote. Nawashukuru waliosimamisha hema hili, ambalo kwa sasa ndilo karakana yenyewe, kwani ile nyingine haijapata kiwanja, wala ramani, wala mtu aliyeombwa kuichora. Na zaidi ya wote namshukuru Nguma, fundi wa spika, ambaye jana stima ilipokatika alitaka kuahirisha hotuba hii muhimu. Nikamwambia, Nguma, usihangaike, ipo betri nzuri sana, imekaa bure tu ndani ya...

(Watu wote wanatazama chini ya meza ya spika.)

Yaani, katika hali ya ushirikiano baina ya idara... Bi Mishi, unakwenda wapi? Bi Mishi! Wewe, na nyinyi kina mama wanne mnaomfuata, nawaamuru kwa mamlaka niliyonayo: muiache papo hapo hiyo be

(Spika zinazima. Punde, nyuma ya hema, gari linaitika.)