Mashine ya Bruda Isirudishwe Muyinga kwa Sababu ya Kimo Changu

Magarama, Gitega
Jumanne, tarehe 12 Agosti 2025. Asubuhi ni baridi, ukungu umeshuka hadi kwenye mabati, vumbi la kiangazi bado halijaamka.

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Ushirika cha Mafundi wa Mbao, Magarama.

Ndugu Mwenyekiti Adriano,

Nakuandikia kama mwanachama. Kama binti wa kaka yako nilishakusalimia Jumapili baada ya misa, ukaniambia mambo ya mashine hayazungumzwi kanisani. Jioni yake uliniambia hayazungumzwi mezani. Kwa hiyo nimechukua karatasi.

Nimesikia kwamba Jumamosi hii lori litakuja kuchukua mashine ya kukereza mbao na kuirudisha ilikotoka, Mwakiro, mkoani Muyinga, kwa fundi Kastori aliyeitumia kabla yangu, kwa sababu mashine ni ndefu na mimi ni mfupi. Siupingi ufupi wangu. Nilikua nao Tanzania, nikarudi nao Burundi, na mpakani hakuna aliyeuzuia. Ninachopinga ni kuhukumiwa kwa ajili yake bila kusikilizwa. Unajua, Baba Mdogo, kwamba tuliporudi shamba la Bukirasazi liligawanywa kwa kaka zangu likaishia kwao. Mashine hii ndiyo shamba langu. Ikipanda lori, sina pa kulima.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu kimo. Mti unaozunguka kwenye mashine unapaswa kuwa sawa na kiwiko cha fundi. Hilo anajua kila aliyewahi kushika patasi. Miguu ya mashine yetu, ambayo ni ya mbao, ilitengenezwa na Bruda wa misheni, mzungu ambaye inasemekana aliinama kuingia kanisani. Kwangu mti unazunguka mbele ya kidevu. Maranda hayaanguki chini, yanaingia mdomoni. Nimekula mkaratusi kuliko mbuzi yeyote wa mtaa huu. Nilipoomba miguu ikatwe shibiri moja tu, ulinijibu mbele ya kamati: "Non, Anisia. Mashine hii iko mzee. Mzee hawamukate miguu." Nililipokea jibu hilo kwa heshima, na tangu siku hiyo sijaisogelea miguu ile na msumeno.

2. Kuhusu kreti. Badala ya kukata, kamati ilinipa kreti mbili za bia nisimame juu yake, kutoka kwenye kabare, yaani baa, ya mke wako, Mama Mdogo Jeska. Nashukuru. Nikiwa juu ya kreti mimi ni fundi kamili. Lakini bia hainunuliwi bila kurudisha kreti na chupa tupu, na Magarama haimalizi wiki bila posa, ubatizo au kumaliza msiba. Ninakuwa katikati ya kazi, mtu anachungulia mlangoni: "Anisia, shuka kidogo, tuko na wageni." Nashuka. Hivyo kimo changu kinategemea ndoa za watu wengine. Mwezi wa kwanza, watu wakiwa hawana kitu, mimi ni mrefu. Mwezi wa saba na wa nane, harusi zikifuatana, napungua. Na Ijumaa hii ni Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, kwa hiyo sitegemei kuwa na kimo chochote kabla ya Jumatatu.

Matokeo yanaonekana. Zarin, mke wa Asgarali mwenye duka la vyuma, aliniagiza msukumio wa chapati. Niliuanza nikiwa mrefu nikaumaliza nikiwa mfupi. Aliurudisha mwenyewe, amejishika mbavu: "Dada Anisia, huu unasukuma upande mmoja tu! Chapati yangu imetoka na milima na mabonde." Mume wake akadakia kutoka nyuma ya kaunta, "Mwache, sasa tunajua mchuzi utakaa wapi." Walicheka sana. Nilicheka pia, kwa kuwa ni wateja.

3. Kuhusu vifaa. Kikamatio cha zamani, yaani kile chuma chenye meno kinachouma mti usichomoke, kilipasuka, na hadi leo nakifunga kwa waya. Nilinunua kipya kwa Asgarali. Hakikuingia. Nyuzi za skrubu za mashine ni nene, za zamani, na nyuzi za kikamatio ni nyembamba, za siku hizi. Asgarali alivitazama vyote viwili, akavua miwani. "Mama," alisema, "mashine yako iko mzee kuliko babu yangu, na babu yangu hakuacha spea." Hata hivyo alinitafutia fundi vyuma aliyechonga pete yenye nyuzi nene ndani na nyembamba nje, ili wa zamani na wa sasa washikane. Pete imekaa kabatini tangu Mei. Kamati imekataza nisiifunge mpaka kikao kikae, kwa hoja kwamba mgeni hafungwi kwa mzee kabla wazee wengine hawajaelezwa.

Natii. Lakini kikao hakikai bila bia, bia haipatikani bila kreti, na kreti ziko chini ya miguu yangu. Kila mnapokaa kujadili kwa nini sifanyi kazi, sifanyi kazi kwa sababu mmekaa.

4. Kuhusu Kastori. Sijawahi kumwona. Kamati inasema ni mrefu kupita kiasi, kwa kuwa waliopita barabarani huko Mwakiro walikuwa wanaona kichwa chake juu kabisa kwenye dirisha la karakana. Mmenitolea mfano wake hadi nimeukariri: "Kastori alisimama hapo miaka yote, hajalalamika hata siku moja." Mtu mrefu mbele ya mashine ndefu atalalamikia nini? Na kama vifaa vya ushirika vitagawanywa kwa kufuata kimo, naomba utaratibu huo utuguse sote. Kiti cha mwenyekiti kina miguu mirefu, na miguu yako, Baba Mdogo, nasema kwa heshima, haifiki sakafuni. Sijasikia lori likiitwa.

Kwa sababu hizo naomba kamati ichague moja kati ya masuluhisho yafuatayo. Nimeyapanga kuanzia lililo rahisi.

Kwanza, kama miguu ya mzee haikatwi, sakafu ya karakana iinuliwe shibiri moja. Naelewa kwamba fundi mwenzangu Godfrey ataanza kugonga boriti kwa kichwa, kwa hiyo paa nalo litainuliwa. Paa likiinuliwa, maji ya mvua yataangukia kwa nguvu kwenye kabare ya Mama Mdogo iliyo jirani, kwa hiyo kabare itainuliwa pia. Wateja hawawezi kupanda ngazi wakiingia, wala kushuka salama wakitoka, kwa hiyo barabara ifuate. Mwishowe Magarama yote itakuwa imepanda shibiri moja, na sioni nani atakayekataa mji mkuu usogee karibu na mbingu.

Pili, kama fedha za kuinua Magarama hazipo, kreti mbili ziandikishwe kuwa wanachama. Zimehudhuria vikao vyote bila kukosa, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu wanachama wengi. Zikishakuwa na kadi hazitaweza kuondolewa kazini bila kupewa notisi.

Tatu, wajumbe wa kamati wapokezane kulala mbele ya mashine ili nisimame juu yao. Naamini muda wanao.

Nne, yote yakishindikana, pigeni kura kwamba mimi ni mrefu. Wengi wakiinua mikono, kimo changu kitakuwa kimepitishwa, na nitaanza kukitumia siku hiyohiyo.

Sitaki ugomvi, Baba Mdogo. Mimi si mtu wa kujichukulia sheria mkononi. Mguu wa mashine ile sitaugusa bila muhuri wako. Naomba tu isiondoke.

Nisalimie Mama Mdogo Jeska, mwambie kreti zake hazijapasuka. Msalimie mdogo wangu Happy, asome kwa bidii na asiwe mfupi. Wasalimie wajumbe wote, kila mmoja kwa jina lake, na dereva wa lori, aambiwe asijaze mafuta bado.

Mimi mwanachama wako mtiifu, juu ya kreti zikiwepo na chini ya mashine zisipokuwepo,

Anisia

Nyongeza. Jumatano jioni.

Kabla sijafunga bahasha, Kastori amefika kwa basi kutoka Muyinga, kuikagua mashine kabla haijapakiwa. Nilisikia hodi, nikafungua, nikatazama juu. Kisha nikatazama chini. Ananifikia begani.

Aliizunguka mashine, akatazama sakafu, akauliza, "Kidato chake mukaacha?" Kumbe Bruda alipoondoka, Kastori alijijengea kidato cha matofali mbele ya mashine, na ndicho alichosimama juu yake miaka yote. Hicho ndicho kilichomfikisha dirishani. Wajumbe mliowatuma kuchukua mashine walidhani ni sehemu ya nyumba.

"Mi sitaki tena kuishi huko juu," aliniambia. "Mwenyekiti hakuniuliza. Alipiga simu akasema jitayarishe, nikajitayarisha. We, uko na msumeno?"

Nilikuwa nao. Yeye alishika, mimi nikakata. Pete pia tumeifunga, nayo imeuma vizuri. Kastori anasema Bruda mwenyewe alimfunga mzee huyu pete tatu za namna hiyo na hakuna aliyeitwa kikaoni. Sasa mti unazunguka kwenye kiwiko changu. Maranda yanaanguka chini. Nilikuwa sijawahi kuyasikia yakianguka. Msukumio mpya wa Zarin umeshatoka, umenyooka kote.

Tafadhali futa lalamiko la kwanza, la tatu na la nne. La pili naligeuza. Mguu mmoja tumeukata ukazidi kidogo kuwa mfupi, mashine inacheza, na kitu pekee kinachokaa vizuri chini yake ni vizibo vya chupa za bia. Tulivyonavyo havitoshi. Kwa hiyo naomba kikao kiitishwe kesho, kiwe kirefu, na kila mjumbe anywe kama ilivyo desturi yake, asijizuie kwa ajili yangu. Kreti zote mbili nimeziweka mlangoni, mtu aje azichukue.

Sasa ni saa tatu na nusu usiku. Kastori amelala kwa Godfrey. Nazima taa, nalala.