Mizigo ya Mahujaji wa Pito

Gaudensi hakuwa mtu wa sala, lakini habari za hija alizisikia vizuri kuliko waliokaa viti vya mbele. Waumini wa kijiji cha Pito wangetembea kwa miguu mpaka kilima cha msalaba, safari ya kulala njiani, kila mmoja na blanketi, tochi, sufuria na viatu vya akiba. Sufuria! Mate yakamjaa mdomoni. Mungu ampe nini tena, jamani?

Akamfuata Faruk, mwenye duka na kanta, lori dogo la mizigo, pale mjini Sumbawanga, akaomba gari. Faruk naye hakuzaliwa jana. Akashika pikipiki ya Gaudensi iwe rehani: kanta ikirudi nzima, pikipiki yako hii hapa, ikirudi mbovu, tusijuane. Gaudensi aliipenda pikipiki ile kuliko mchumba yeyote aliyewahi kuwa naye, na wachumba wenyewe walilijua hilo. Akakubali.

Jumapili, misa ilipotoka, akapanda juu ya bodi la kanta.

"Wapendwa, hija ya kuvimba miguu imepitwa na wakati! Malengelenge unyayoni, gunia mgongoni, utasali saa ngapi? Nipeni mizigo, tembeeni mikono mitupu. Mkifika pa kulala, mnakuta maji ya kuoga yamechemka."

"Ya moto?" akauliza Monika, ambaye magoti yalishaanza kumuuma kabla ya safari.

"Ya moto, dada. Na mafuta ya kuchua."

"Kwa bei gani?"

"Bure! Mimi natafuta baraka tu."

Neno bure lina nguvu kuliko mahubiri. Watu wakasukumana kumshika mkono. Mama Bertilla, mwenyekiti wa hija, akabaki pembeni anamtazama kuanzia viatu mpaka kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mizigo utaikuta alfajiri, imefungwa."

Kweli, alfajiri viroba vikapakiwa mpaka kanta ikachuchumaa. Vizito hasa! Sufuria za chuma hizo, Gaudensi akajiambia, akawa anapiga mluzi. Mahujaji wakaondoka wakiimba, kila mmoja na furushi dogo mgongoni, naye akadhani wamebeba chakula. Walipopotea kwenye baridi na ukungu, akageuza gari upande wa pili, kuelekea gulio la mbali ambako hakuna mtu wa kuuliza blanketi limetoka wapi.

Kwenye mlima wa kwanza spring ikalia kwaa! Gari likainama upande mmoja, likakataa katakata.

Pikipiki ndiyo imekwenda hivyo. Si kitu, akajipa moyo, mali ya humu itanunua nyingine. Akafungua kiroba. Jiwe. Akafungua cha pili. Jiwe. Cha tatu kikatoa jiwe kubwa kama kichwa cha ndama. Simu ikaita.

"Mwanangu," ilikuwa sauti ya Mama Bertilla, "tumekaa kupumzika, kanta hatuioni."

"Mama, mmenipa mawe!"

"Eee. Anayehiji huokota jiwe shambani kwake, analibeba mpaka msalabani, ndiyo toba yake. Wavivu wangu walipokusikia wakataka dhambi zipande gari. Nikawaambia haya, jiwe mpeni, blanketi bakini nalo. Nani ataiba jiwe?"

"Na hili kubwa hili?"

"La mzee Marselino. Huyo ana mambo yake ya kuhamisha mipaka ya mashamba."

Gaudensi akakaa kwenye majani yenye umande. Akaikumbuka pikipiki yake, akalia kabisa, kwa sauti, kama aliyefiwa.

"Unalia nini tena? Haya, nisaidie jambo moja. Jiwe langu nimelibeba mwenyewe, kwa dhambi ya kukudhania wewe mwizi. Bega linaniuma, baba. Niambie ukweli: niendelee nalo?"

Gaudensi akaitazama spring iliyokatika, akavitazama viroba, akajifuta kamasi.

"Litue, mama," akasema. "Hukukosea."