Mzabibu wa Bibi Paskazia na Kibao cha Mizabibuni

Nyumba ya Bibi Paskazia,
Palipokuwa kambi ya vibarua,
Mizabibuni, Dodoma.

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,

YAH: KUPINGA KUNG'OLEWA KWA MKAZI WA SIKU NYINGI

Shikamoo. Nakuandikia badala ya kuja ofisini kwa sababu ofisini utaniagizia chai, nami nikishakunywa chai ya mtu nashindwa kumlaumu. Nafasi ninayo: tangu asubuhi tunangoja wageni, nao wamechelewa.

Juzi kamati yako ilisimama nje kwetu, ikautazama mzabibu wa bibi yangu na kuamua kwamba umekufa. Ung'olewe, mkasema, ili mahali pake pasimikwe kibao cha "Karibu Mizabibuni" chenye picha ya kichala cha zabibu. Katibu wako, Bwana Fabian, aliligonga shina kwa kalamu. "Umeshakauka huu, bibi. Tutakusaidia kuutoa." Bibi akajibu, "Haya, baba," akaingia ndani. Wewe ni mwenyeji. Unajua bibi huyu akisema "haya, baba" na kuingia ndani, mambo bado hayajaisha.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mzabibu haujafa, umepogolewa. Zabibu zikishavunwa, matawi hukatwa na shina hubaki kama fimbo iliyosahauliwa na mchungaji, mpaka lichipue tena. Bwana Fabian alihamia juzijuzi tu na wizara yake kutoka Dar es Salaam, kwa hiyo simlaumu sana. Lakini kama kuonekana mkavu ndiko kufa, basi nusu ya mtaa huu hufa kila mshahara unapokaribia kutoka, na sijaona kamati ikija na majembe.

2. Kabla ya mageti yenu, hapa palikuwa shamba la zabibu. Bibi alilikuta akiwa msichana, akafunga matawi kwenye nyaya kutoka hapa hadi ilipo sasa saluni. Shamba lilipokwisha vikaja vigingi vya wapima ardhi, kisha trekta. Mizabibu yote iling'olewa isipokuwa huu mmoja, kwa sababu siku ile bibi alikuwa ameanika nguo zake za ndani juu yake, na dereva wa trekta akaona haya, akazunguka. Hiyo ndiyo historia ya mtaa wetu, Ndugu Mwenyekiti. Kuung'oa mzabibu wa mwisho ili mpate pa kuweka picha ya zabibu ni kama kumtoa babu sebuleni ili ukuta utoshe kutundikia picha yake.

3. Njia yetu imepewa jina la Barabara ya Ufukweni. Nimeitafuta hiyo bahari kwa moyo mweupe. Nimekuta beseni la kufulia la Mama Mwamvua.

4. Kibao chenyewe cha nini? Zamani mgeni aliambiwa, "Fuata nguzo za zabibu, uliza kwa Paskazia." Alifika ameshasalimia mtaa mzima na kujua nani mgonjwa, nani kajifungua. Kupotea ni elimu. Kwa hiyo naomba mishale yote ya kuelekeza njia iondolewe, hata ule wa saluni. Naomba kila mhamiaji, kabla ya kujenga geti, apogoe msimu mmoja chini ya bibi. Na naomba mzabibu uandikishwe kuwa mkazi na kupewa kiti kwenye kamati. Hautachangia mazungumzo, lakini pia hautachelewa kikao.

Nasubiri majibu yako kwa utulivu. Nisalimie nyumbani, uwasalimie wajumbe wote, na Bwana Fabian mwambie bibi hana kinyongo; anamtunzia mkasi wa kupogolea.

Wako katika kungoja majani,
Debora

Tanbihi: Nikitafuta bahasha, simu imeita. Ni Elieth, binti wa Mama Mwamvua. "Shoga, wageni wako kutoka Chemba wako kwetu. Walizunguka mpaka wakachoka, wakapiga hodi hapa. Wameshakunywa soda, na posa yako wameshaitoa. Mama anaanza kuwapenda. Njoo haraka."

Nimekimbia. Nimechelewa. Mshenga wao, Mzee Nikodemo, ameshikilia kwamba posa iliyokwisha kusemwa kwenye nyumba moja haihamishiwi mlango mwingine siku hiyohiyo. Watarudi Jumamosi kuanza upya. Elieth anasema hana haraka ya kuikataa mpaka amwone kijana mwenyewe.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba kibao. Kabla ya Jumamosi. Kiwe kikubwa, na kiwe na mshale. Bibi anasema mzabibu usiguswe, kibao mkifunge kwenye nguzo yake ya zamani, na yeye mwenyewe atashika ngazi. Ikifika mwezi wa tatu majani yatakuwa yamefunika maandishi yote. Tafadhali msiyakate. Wakati huo mimi nitakuwa nimeshaolewa, na wageni wengine wanaweza kuendelea kuelimika.