Damu Isiyo na Mwenyewe Haipokelewi

Idara ya Farasi wa Gwaride ina furaha kubwa kuutangazia umma kwamba zama za kumpima farasi kwa kumkodolea macho zimekwisha. Tumenunua mashine ya kupima damu inayobebeka. Ni ndogo kama redio ya jikoni na ina mpini. Unaibeba kwa mkono mmoja hadi bandani, unatia matone mawili, na kabla hujamaliza kupiga miayo majibu yametoka.

Tangazo hilo nililiandika mimi, Afisa Habari Msaidizi, na sibadilishi hata nukta.

Kitu kinachobebeka, hata hivyo, kinaibika. Kwa hiyo Mkurugenzi wetu, ambaye haachi pengo la kiusalama, aliagiza mashine ifungwe kwa mnyororo kwenye meza yake, ghorofa ya pili. Daktari wa farasi alipouliza ule ubebekaji umeishia wapi, alijibiwa kwa upole kwamba mashine bado inabebeka kabisa, mradi ibebwe pamoja na meza. Meza yenyewe haipiti mlangoni. Fundi aliitengenezea humo humo.

Siku ya uzinduzi, Shangazi akaugua. Shangazi ni farasi jike, mtu mzima, mpole, ambaye Mkurugenzi alikuwa ampande kwenye gwaride la jioni ile mbele ya wageni. Baada ya mazoezi ya asubuhi alisimama bandani amekakamaa kama kabati, jasho likimchuruzika, mkojo mweusi kama kahawa. Daktari alipanda ngazi mbio na kichupa cha damu mkononi, akatukuta ofisini, mimi, Mkurugenzi na Katibu Mkuu wa Wizara, tukisubiri kukata utepe.

"Bosi, misuli ya Shangazi inaharibika," alisema huku akihema. "Akifanyishwa kazi leo, figo zinakwenda na yeye anakwenda. Naomba nipime hii damu."

"Mwenye damu yuko wapi?"

"Bandani. Hatakiwi kutembea."

Mkurugenzi akatikisa kichwa kwa huruma ya kiutawala. "Daktari, damu isiyo na mwenyewe ni uvumi. Idara haipokei uvumi. Mlete."

"Nimlete farasi ghorofa ya pili?"

"Kwani ngazi hazipo?"

Nilithibitisha kwamba ngazi zipo.

"Basi kama hataki kupanda, huyo si mgonjwa, ni mvivu. Jioni nampanda."

Daktari akakikaza kifuniko cha kichupa. Ni mwanamke wa maneno mengi, na mikono yake ikianza kusema badala yake mimi husogea pembeni kidogo.

Katibu Mkuu akatazama saa. "Jamani, mashine hii inafanya kazi, au tumekuja kuiangalia?"

"Inafanya, Mheshimiwa! Sasa hivi!" Mkurugenzi akakunja mkono wa shati. "Daktari, nipime mimi. Mwenye damu si huyu hapa?"

"Bosi, hii imewekewa viwango vya farasi."

"Damu ni damu. Choma!"

Daktari akachoma, nadhani kwa kina zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika. Mashine ikalia, ikatema karatasi yenye picha ya farasi juu na mishale myekundu chini.

"Sukari imepita kiwango," alisoma Daktari. "Mafuta yamepita. Kimeng'enya cha misuli kiko chini mno."

"Hiyo maana yake nini?" aliuliza Katibu Mkuu.

"Maana yake farasi huyu hajafanya kazi siku nyingi."

Nilikohoa, kwa sababu za kikazi.

"Na hii mashine huwa inakosea?"

Swali zito. Mashine aliinunua Mkurugenzi mwenyewe, bila zabuni, kwa haraka ya kizalendo. Alitoa jasho kumshinda Shangazi.

"Haikosei, Mheshimiwa. Hata kidogo."

"Vizuri. Mwongozo unasemaje kuhusu majibu kama haya?"

Mwongozo wa Idara aliutunga Mkurugenzi mwenyewe. Nikausoma kwa sauti yangu ya redio: mnyama mwenye majibu ya aina hii aondolewe kwenye gwaride, apumzishwe, anyimwe nafaka, na asipewe jukumu lolote hadi daktari atakaporidhika.

"Lakini mimi si farasi!"

"Una chochote cha kuthibitisha hilo?" aliuliza Katibu Mkuu, ambaye alikuwa ameshasaini amri ya kumpumzisha.

Wakati tunamtafutia Mkurugenzi maji ya kunywa, Daktari alitia kile kichupa chake kwenye mashine. Hakuna aliyemuuliza mwenyewe yuko wapi. Mishale ilikuwa myekundu kuliko utepe. Gwaride likapita bila Shangazi wala mpandaji wake, na yeye akabaki bandani na dripu shingoni. Leo mkojo wake una rangi ya mkojo, na jana alimng'ata mtu, jambo ambalo Daktari analihesabu kuwa maendeleo.

Kuhusu Mkurugenzi, umma usiwe na wasiwasi. Ameomba itambuliwe rasmi kwamba yeye ni binadamu. Ombi lipo mbele ya kamati maalumu, ambayo kwa mujibu wa kanuni mwenyekiti wake ni Mkurugenzi. Kikao cha kwanza kimeahirishwa, kwa kuwa farasi haruhusiwi kukiongoza.