Hedifoni Zisizojua Kupamba

Jamaa waliyemwita Sikio alikuwa na kipaji kimoja cha halali, na alikitumia kwa mambo ya haramu tu. Ukimpigia wimbo, atakwambia ngoma imezidi wapi, mwimbaji kameza mate wapi, na fundi aliyeurekodi kasinzia dakika ya ngapi. Zamani alikuwa fundi sauti wa kweli, tena mzuri, mpaka alipogundua kwamba kuwauzia watu ujinga wao wenyewe hakuchoshi kama kazi.

Siku hiyo alipanda ghorofani kwenye studio moja iliyokuwa juu ya duka la magodoro, akijidai katumwa na msanii kuulizia nafasi. Mwenye duka ndiye mwenye studio, na watu walimwita Bosi Magodoro. Aliona vijana wanaimba na wazazi wanalipia, akaamua kwamba Mungu hakumuumba kwa ajili ya magodoro peke yake. Kuta za chumba cha kurekodia alizizibia kwa magodoro yaliyorudishwa na wateja, na hilo ndilo jambo pekee la busara alilokuwa amelifanya humo ndani.

Sikio hakuziangalia kuta. Macho yake yalinasa kwenye msumari kando ya mitambo, palipotundikwa hedifoni kuukuu, nyeusi zilizopauka, sifongo ya upande mmoja imezungushiwa utepe wa mafundi umeme. Akaomba azijaribu. Akazivaa, akafumba macho.

Zilimwambia kila kitu. Pumzi ya mwimbaji kabla ya neno, kiti kilicholia nyuma yake, besi iliyozidi kidogo. Hazikuongeza utamu wala kuficha kasoro, na hizo ndizo fundi anazozitafuta. Ukipangia sauti kwenye hedifoni zenye kutia chumvi, utaipunguza besi ukidhani imejaa, na wimbo ukifika kwa watu utasikika kama unaimbwa ndani ya mkebe. Aina ile ilikuwa haitengenezwi tena. Na Sikio alimfahamu mama mmoja, mrekodi wa sauti za filamu, aliyezisaka miaka miwili bila kuzipata.

Akazivua taratibu, akakunja uso kama daktari mwenye habari mbaya.

"Bosi, pole. Hizi zimeshakufa. Unawaimbisha watoto wa watu kwenye maiti."

Bosi Magodoro akazivaa naye. Ni kweli, hakusikia kishindo. Kwa mtu aliyezoea muziki wa gari ambalo buti lake hutetemeka mpaka namba inataka kudondoka, ukweli lazima usikike kama ugonjwa. Akauliza tiba. Sikio akasema anazo mpya, za kisasa, na kwa heshima tu atamletea keshokutwa.

Pembeni, mwanamke mmoja alikuwa anakunja nyaya. Ndiye fundi wa studio, mdogo wa mke wa Bosi, aliyepewa kazi kwa kuwa ndugu haonewi haya kufanyishwa kazi ya watu watatu. Sikio alimsalimia, akaitikiwa, akamsahau.

Keshokutwa alirudi na hedifoni mbili zenye rangi ya dhahabu na vitaa vyekundu visivyofanya kazi yoyote zaidi ya kuwaka. Akamsikilizisha Bosi wimbo uleule, kwanza kwenye kuukuu, kisha kwenye mpya. Kwenye kuukuu kidole chake kilipunguza sauti kidogo, na kwenye mpya kikaongeza. Hila yenyewe ni hiyo tu, wala haihitaji shule. Sikio la binadamu likisikia kikubwa hudhani limesikia kizuri. Bosi akatikisa kichwa, akatikisa mguu, mwishowe tumbo nalo likaingia kwenye wimbo.

Makubaliano yakawa mbili mpya kwa moja kuukuu, kubadilishana tu. Bosi aliitikia upesi, maana moyoni alishajiona yeye ndiye anayemwibia mgeni, akaogopa mgeni asije akazinduka.

Hapo ndipo yule mwanamke alipofungua kinywa. Alimwambia Sikio kwa upole kwamba shemeji yake ana haki ya kuzitoa, vitu ni vyake. Ila yeye ndiye anayezivaa kutwa nzima.

"Sasa kaka, mimi nabaki na nini cha kunifuta machozi?"

Alikuwa anaitazama maikrofoni iliyochungulia kwenye mkoba wa Sikio. Ilikuwa ya kweli, ya enzi zake za ufundi, kitu pekee alichokuwa hajawahi kukiuza, na alitembea nayo ili aonekane mtaalamu. Moyo ulimsita. Akaomba asikilize tena kwanza, maana tapeli makini haamini mtu.

Fundi akazichukua hedifoni msumarini, akazichomeka kwenye mitambo, akaketi, akabonyeza. Sikio akafumba macho. Pumzi ilikuwepo, kiti kililia mahali pake, besi ilikaa palepale. Akaitoa maikrofoni, akazibeba hedifoni na kushuka ngazi kwa haraka ya mtu aliyebadilisha kuku kwa ng'ombe.

Mchana huohuo alikuwa sebuleni kwa mama wa filamu. Mama alizichomeka kwenye kinasa sauti chake, akafungulia sauti ya mvua aliyoirekodi mwenyewe juu ya paa la bati. Hakusikiliza hata nusu dakika.

"Ndugu yangu, mvua yangu imekuwa watu wanakaanga."

Sikio akazivaa. Besi ilikuwa imevimba kama shavu la mwenye jino bovu, na matone yote yalijificha nyuma yake. Mama akachukua bisibisi ndogo, akafungua kifuniko. Ndani mlikuwa na vispika vya hedifoni za barabarani, gundi bado inanata. Akauliza alizijaribia wapi, na nani alikuwa ameketi kwenye mitambo.

Swali lilimtosha Sikio. Hakuhitaji kuelezwa. Fundi mwenye masikio anaweza kuziwekea hedifoni zinazodanganya marekebisho ndani ya mitambo, apunguze hapa, apandishe pale, mpaka ziseme kweli, alimradi zisichomolewe hapo. Somo hilo yeye mwenyewe alikuwa akiwafundisha wengine.

Alirudi studio akipanda ngazi mbilimbili. Fundi alikuwa mezani, kavaa hedifoni zilizopauka, zile za kweli. Maikrofoni ya Sikio imesimamishwa chumbani, inamsubiri mwimbaji. Alipomwona hakushtuka. Akamweleza kwamba zilikuwa pacha, moja ikafa mwaka jana, akaitunza kwa ajili ya vipuri. Juzi akaitia vispika vya barabarani, akaizungushia utepe kama mwenzake, akaitundika msumarini.

"Ulijuaje?" Sikio akauliza.

"Siku ya kwanza ulizivaa ukafumba macho. Mtu hafumbi macho kusikiliza maiti."

Sikio akamtaka arudishe maikrofoni, la sivyo atamwambia Bosi. Mwanamke akasema amwambie tu, na asisahau kumweleza kwa nini alizihangaikia hivyo hedifoni zilizokufa.

Papo hapo Bosi Magodoro akaingia, hedifoni za dhahabu shingoni, vitaa vinawaka. Alifurahi kumwona Sikio. Akasema amekuja wakati mzuri kweli, maana huyu shemeji yake kaibua stoo hedifoni nyingine za kizee na hataki kuvaa mpya.

"Hebu mwambie wewe mtaalamu. Kati ya zangu na hizo zake, zipi za kazi?"

Sikio alizitazama zile za mwanamke, kisha vile vitaa vyekundu, na kwa mara ya kwanza katika biashara yake uongo ukawa unamgharimu yeye mwenyewe.

"Zako, Bosi."

"Umesikia, shemeji?"

"Nimesikia. Basi ninyi vaeni nzuri, mimi nitavumilia hizi."

Bosi akamsifu kwa moyo wake wa subira, akamwagiza Sikio amletee na mkewe za dhahabu kama hizo. Mwimbaji alishaingia chumbani, anakohoa kusafisha koo. Fundi akainua kidole kuomba kimya, akamgeukia Sikio aliyekuwa bado kasimama.

"Ukitoka ufunge mlango taratibu, kaka. Hii maikrofoni ni nzuri sana, inasikia kila kitu."